Siku Baba Yako Alipoupa Upepo Mgongo

Mtaa wa Kisima, nyumba ya kona,
Villar de la Sal,
La Mancha.

Tarehe 16 Oktoba, 2017.

Mpendwa mwanangu Nieves,

Pokea salamu za shangazi yako. Natumaini zitakukuta mzima, wewe na Rubén na Jimena. Kifua cha mtoto kimepona? Mara ya mwisho uliniambia kilikuwa kinambana usiku. Mvalishe fulana ya ndani hata kama huko Mendoza joto linakaribia, maana watoto wa ukoo wetu wakiumwa huanza kuumwa kifua. Na wewe unalala? Usinijibu kwa adabu, nijibu kweli.

Mimi sijambo, ukiacha magoti. Mavuno ya zabibu yamekwisha. Yalikuwa haba kwa sababu ya ukame, zabibu ndogo na tamu kupita kiasi. Mizabibu ya baba yako niliivuna na vibarua, ikaenda yote kwenye pipa moja na yangu. Nyumba yake nimeifunga. Kuku nimewahamishia kwangu, ila yule jogoo wake mkorofi nimemchinja, utanisamehe. Kila alfajiri aliwika, nami nikabaki kitandani nikingoja baba yako amtupie kiatu.

Ningeweza kukupigia simu, najua. Lakini kwenye simu wewe unalia, mimi napandisha sauti, na tunaishia kuzungumza habari za mvua. Jambo hili nataka ulisome ukiwa umekaa, na ukitaka kulisoma tena liwepo.

Siku tulipomzika baba yako ulinipigia kabla sijavua nguo nyeusi. Hukuwahi kufika na hakuna wa kukulaumu, kwetu mtu akifa leo kesho yuko chini. Uliniuliza hivi, nayakumbuka maneno yalivyo: "Shangazi, baba alitoka ili akafe? Ni mimi niliyemuua kwa maneno yangu?" Nikakuambia uache upuuzi, nikakata simu. Nilikata kwa sababu sikuwa na jibu. Kijiji kizima kilikuwa na jibu isipokuwa mimi.

Sasa ninalo. Lakini vumilia nikueleze tangu mwanzo, maana nikikupa jibu lenyewe tu hutaliamini.

Maneno uliyomwambia nayajua. Aliniambia mwenyewe mwezi Januari, amekaa jikoni kwangu na koti hajalivua. Krismasi ile alikuwa amemtangazia kila mwenye masikio kwamba anakwenda Argentina kumwona mjukuu. Nusu ya kijiji ilimsindikiza hadi kwenye basi, huyu anambebesha jibini, yule soseji za nyumbani kwake. Akafika Madrid, akaiona ndege, miguu ikamkatalia. Akarudi. Wewe ulikuwa umesimama uwanja wa ndege huko, na mtoto ameshika puto. Ukamwambia asikuahidi tena kitu maishani mwake, na kwamba Jimena hana babu. Sikulaumu, Nieves. Ningekuwa mimi ningesema mabaya zaidi, na ulimi wangu unaujua.

Hapa nako hawakumwacha. Kwenye baa walimbatiza Mwargentina. "Mwargentina, ndege imechelewa leo?" "Mwargentina, huko kwenu kunanyesha?" Alicheka nao, unajua alivyokuwa, lakini taratibu akaanza kunywa kahawa yake nyumbani. Na mchana, kama hakuna kazi ya shamba, alipanda baiskeli akapotea hadi jioni.

Kwa hiyo alipokufa, watu walishika mambo mawili.

La kwanza ni upepo. Wewe huhitaji kuelezwa, lakini naliandika kwa sababu Jimena atakuja kuisoma barua hii siku moja. Kwetu hakuna mlima wala msitu wa kumkinga mtu. Anayetoka kwa baiskeli hutoka akiutazama upepo usoni, ateseke angali na nguvu, ili jioni upepo huohuo umsukume hadi mlangoni kwake. Baba yako ndiye aliyewafundisha hivyo watoto wa mtaa mzima. Wewe ulipokosea mara moja, ukatoka na upepo mgongoni na kurudi gizani unalia huku unaikokota baiskeli, alikunyima baiskeli hadi Pasaka.

Sasa siku ile ya Agosti kulikuwa na solano, ule upepo wa mashariki unaokausha mate mdomoni na kuwagombanisha watu bila sababu. Baba yako akatoka asubuhi na mapema kuelekea magharibi, upepo wote mgongoni. Hilario, anayetunza vinu vya upepo pale kilimani, alikuwa juu anafungua vidirisha vya kinu ausikilize upepo unatokea dirisha gani, kama wasagaji wa zamani. Kinu chenyewe hakijasaga unga tangu yeye hajazaliwa, ni cha kuwaonyesha wageni tu, lakini vidirisha lazima afungue. Alimwona baba yako akipita chini, akamwita, akamwuliza kwa upepo huu atarudije. Baba yako akamjibu bila kushuka: "Leo sirudi, Hilario." Akainua kofia, akaenda zake.

La pili ni ziwa. Alikutwa ndani ya ziwa la Retamar. Si ukingoni, ndani, mbali na njia, ameanguka kwenye tope la chumvi pamoja na baiskeli yake. Mlinzi wa ndege wa majini pale ziwani ndiye aliyemwona, jua linatua. Daktari alisema ni moyo na joto, na joto siku ile liliua hata kondoo.

Lakini watu wakajumlisha. Mtu kaupa upepo mgongo, kasema harudi, kaingia ziwani. Hakuna aliyelisema wazi mbele yangu. Walisema "maskini Saturnino" wakaweka shingo upande, na hiyo shingo ndiyo iliyoninyima usingizi. Wakati wa mavuno vibarua walikuwa wakininyamazia nikipita, na vibarua wa zabibu hawanyamazi hata kanisani.

Nami, mwanangu, nilikuwa nimeanza kuamini.

Mavuno yalipokwisha nikaitoa baiskeli yake kwa fundi. Chumvi ilikuwa imekula mnyororo, akafunga mwingine. Ni ileile ya kijani, yenye kreti la mbao nyuma. Nikangoja solano. Ulipokuja, wiki iliyopita, nikafunga kitambaa kichwani, nikatia maji na mkate na kipande cha soseji kwenye kreti, nikatoka kama alivyotoka yeye, mapema, kuelekea magharibi. Nilitaka kujua mtu akienda vile anawaza nini. Usinigombeze. Magoti yananiuma nikikaa vilevile.

Hilario alinisimamisha chini ya vinu. Aliteremka mbio, kofia mkononi, akashika usukani.

"Na wewe tena, Obdulia?" akasema. "Watu watasema ni ugonjwa wa ukoo."

"Watasema ukishawaambia wewe."

Aliumia, nikamwona. Akaniambia yeye alirudia alichosikia tu, hakuongeza hata neno. Nikamwambia kweli hakuongeza, aliipunguza sauti tu alipolirudia, na hapo ndipo alipoliharibu. Walisoma darasa moja na baba yako, walikwenda jeshini pamoja. Aliachia usukani, akasema tangu siku ile, kila akifungua vidirisha, anajiona bado ana nafasi ya kumkimbilia. Sikuwa na huruma ya kumpa asubuhi hiyo. Nikapanda, nikaondoka.

Kuna raha mbaya katika kwenda na solano. Baiskeli inakwenda yenyewe, unagusa tu pedali. Njia nyeupe imenyooka, mizabibu huku na huku imebaki majani mekundu, na mnara wa kanisa la Retamar unauona tangu mwanzo, unakanyaga, unakanyaga, unaukuta palepale. Lakini upepo na wewe mnakwenda mwendo mmoja, kwa hiyo usoni hakuna hewa. Joto linakukalia, halipeperuki. Nilipogusa mgongo wangu nguo ilikuwa imeloa chapa, na wala sikuwa nimehisi kuchoka. Na hii ni Oktoba.

Nitakwambia ukweli, njiani nilimchukia. Nilimsema kwa sauti, hakuna wa kunisikia kule ila kware. Nilimwambia hivi: mbona hukuniambia kitu, Saturnino? Nyumba zetu zinagawana ukuta. Usiku wa kuamkia siku ile nilikupikia dengu, ukala, ukaomba tena, ukasema chumvi imepungua. Mtu wa kwenda kufa anajali chumvi? Na kama ulikuwa unaniaga, huko ndiko kuaga? Nilipiga kelele hadi koo likakauka, kisha nikalia, kisha nikala soseji. Nikasonga mbele.

Ziwa si lile unalolikumbuka, Nieves. Lile la Agosti, mama yako yungali hai, sote tumejipaka lile tope la kutibu mifupa hadi shingoni, na wewe unawakimbiza wazee wasilale juani. Visima vya mashamba vimelinywa. Limebaki bapa la chumvi, na dimbwi katikati, ambako heroe wachache wamesimama. Upande wa kusini maji machafu ya miji ya juu huingia kwa mfereji, hayajasafishwa vya kutosha, nayo hupita chini ya ganda la chumvi usiyaone. Agosti yote juu palikuwa pakavu na peupe, chini uji. Harufu yake nilirudi nayo kwenye nywele.

Hapo ndipo nilipoziona alama.

Mvua haijanyesha tangu Juni. Mfereji nao ulikauka Septemba, na tope la Agosti limekuwa gumu kama tofali, kwa hiyo kila kitu kiko pale alipokiacha. Kuna mstari wa tairi unaotoka ukingoni, mwembamba, hapo ganda lilikuwa linambeba. Kisha mstari unazama, na pembeni yake zinaanza nyayo za viatu vyake. Alishuka, akawa anasukuma. Nyayo zinazidi kwenda chini, hatua zinazidi kuwa fupi. Mbele kabisa pamevurugika, ndipo askari walipomtoa. Nieves, angeiacha baiskeli angefika ng'ambo. Kwa miguu mitupu mtu mwepesi kama yeye angejikokota akavuka. Hakuiacha.

Nilikaa ukingoni nikala mkate. Kisha nikafanya jambo dogo ambalo hakuna aliyelifanya, wala askari wala mimi. Nilisimama nyuma ya zile alama nikatazama zinaelekea wapi.

Mtu anayetaka kufia ziwani huenda katikati, kwenye maji. Alama za baba yako hazikuyajali maji. Zimekata pembe ya kusini, zimenyooka, na ng'ambo, mbele yake moja kwa moja, limesimama lile ghala refu la nafaka la stesheni ya Las Eras.

Ni njia yetu ya mkato. Umeikumbuka? Ukifika Retamar mwezi wa Agosti huzunguki kwa barabara, unakata ziwa, maana Agosti ziwa limekauka na ganda linabeba hata mkokoteni na nyumbu wake. Babu yako alipita hapo, sisi tulipita hapo na zabibu, hakuna aliyewahi kuzama. Mgeni asingethubutu. Mgeni angeliogopa ziwa, angezunguka na barabara, na leo angekuwa hai. Wenyeji ndio tunaoliamini kwa jinsi lilivyokuwa zamani, na hayo maji ya mfereji tunayalalamikia kila siku lakini miguu yetu haijayajua.

Nikasimama pale nikijiuliza, huyu alikuwa anawahi nini Las Eras?

Nikazunguka na barabara. Las Eras hakuna kitu, ni ghala, reli, na mkahawa wenye vyumba viwili vya kulala wasafiri. Treni ya Madrid husimama hapo mara moja tu kwa siku, mchana. Mkahawa ni wa mama mmoja wa Romania, anaitwa Rodica. Alikuwa anafagia mlangoni. Hakunitazama mimi, aliitazama baiskeli.

"Hii ni ya Don Saturnino," akasema. "Afadhali. Mwenyewe yuko wapi? Ameona aibu kuja?"

Nikamwambia mimi ni dada yake. Nikaegemea ukuta wa mlangoni. Akadhani nimechoka, akanipa maji, akaichukua baiskeli mikononi mwangu.

"Nafasi yake ipo, mama," akaniambia. "Sijaweka kitu pale."

Akanipeleka bandani nyuma ya mkahawa. Kulikuwa na makreti ya bia, viti vilivyovunjika, matakataka yote ya mkahawa yamebanwa upande mmoja. Upande wa pili pamefagiliwa, patupu, na shuka kuukuu imekunjwa juu ya ndoo, ya kuifunika baiskeli isipate vumbi.

Haya ndiyo aliyonieleza. Krismasi, baba yako alipotoka Madrid, hakuthubutu kufika kijijini mchana watu wakimwona. Alishuka Las Eras akalala kwa Rodica, akamsimulia yote, habari za ndege na puto na wewe. Akamwambia atajaribu tena. Tangu mwezi wa Mei akawa anakwenda kwake kwa baiskeli, na kila safari alipeleka kitu kimoja kwenye kreti. Leo shati, wiki nyingine viatu. Sanduku alilinunua hukohuko, likajaa kidogo kidogo chini ya kitanda cha Rodica, ili hapa kwetu asionekane na sanduku mtu yeyote. Nasi tulikuwa tunasema Saturnino amechanganyikiwa, anazurura juani.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia mimi. Rodica akasema naye alimwuliza hivyohivyo. Jibu lake lilikuwa hili: "Safari hii simwambii mtu. Nikishindwa, nishindwe peke yangu."

Siku ya safari Rodica alimpikia mayai, akayafunika. Baiskeli ingekaa bandani mwezi mzima hadi arudi. Saa ya treni ikafika, hayupo. Kwa barabara angewahi kama angetoka mapema zaidi, nadhani joto lilimchelewesha, ndiyo maana akakata ziwa.

"Nilitoka hadi relini," Rodica akasema. "Nikamwomba mtu wa treni asubiri kidogo, kuna mzee anakuja kwa baiskeli. Akasubiri kidogo. Nikawa naangalia barabara."

Ziwa liko nyuma ya ghala, Nieves. Kutoka pale relini huwezi kuliona.

Treni ilipoondoka alidhani moyo umemkatalia tena. Namba yake ya simu alikuwa nayo, lakini akasema asimpigie, asimwongezee aibu, atakuja mwenyewe kuchukua vitu vyake. Habari za mzee aliyekufa ziwani alizisikia, wateja walizitaja. Lakini walisema ni mtu aliyejiua, kwa hiyo hakufikiri hata mara moja kwamba ni huyu wake. Huyu wake alikuwa na safari.

Ikabidi nimwambie. Alikaa chini palepale kwenye sakafu aliyoifagilia baiskeli. Hakupiga yowe. Alirudia tu, "Niliangalia barabara. Mimi niliangalia barabara." Nilimshika mkono, mikono ya wanawake wawili wasiojuana, na nilimlilia baba yako pale kuliko nilivyomlilia kaburini.

Sanduku tulilifungua pamoja. Mashati manne, ameyapiga pasi mwenyewe, kola zote zimekunjamana. Wembe mpya. Pasipoti. Jibini zima, lililokuwa limeanza kuota ukungu kwa joto. Na ndani ya soksi, kengele ya ile baiskeli yako nyekundu, ya udogoni. Ameisugua hadi inang'aa. Rodica alisema baba yako alimwambia kwamba mjukuu wake anajifunza kuendesha, na huko Argentina hawezi kupata kengele yenye sauti kama hii.

Rodica alifunga mkahawa akanileta nyumbani kwa gari lake, baiskeli imelazwa nyuma. Tulipopita chini ya vinu nikamwomba asimame, nikamwita Hilario, nikamweleza nikiwa nimekaa garini. Alisikiliza hadi mwisho. Kesho yake mchana, baa imejaa, alisimama akawaambia wote. Naambiwa alisimulia vizuri mpaka alipofika kwenye ile nafasi bandani, hapo akashindwa, akatoka nje. Hakuna aliyetamka Mwargentina. Jioni wakaanza kuniletea vyakula, mayai, vitunguu, divai, kana kwamba amekufa juzi. Nimevipokea. Kuwasamehe nitawasamehe, lakini si wiki hii.

Sasa jibu lako.

Uliuliza kama ni maneno yako yaliyomtoa. Ndiyo, Nieves, ni maneno yako. Sitakupaka mafuta, wewe ni mtu mzima. Aliyasikia, yakamchoma, akakaa nayo tangu Januari, akayageuza kuwa mashati na viatu na pasipoti. Yalimtoa nyumbani. Lakini hayakumtoa kwenda kufa. Alipomwambia Hilario leo harudi, alikuwa anasema jambo la kawaida kabisa, kwamba usiku ule angelala Madrid. Na upepo aliupa mgongo kwa sababu siku ile, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakuwa na safari ya kurudi jioni. Alikuwa anakuja kwako.

Sijui kama hilo ni jepesi kulibeba. Kwangu mimi ni zito kuliko lile la kwanza, maana lile la kwanza lilikuwa linanikasirisha, na hasira humsaidia mtu. Lakini hili ndilo la kweli, na ni mali yako, ndiyo maana nimekuandikia.

Nisalimie sana Rubén, mwambie namshukuru kwa kukushika mkono siku zile. Msalimie mama mkwe wako. Hilario anakusalimu, ameniomba mara mbili nisisahau kuandika. Rodica wa Las Eras naye anakusalimu, hamjaonana lakini nadhani anakujua vizuri kuliko unavyodhani. Binamu yako Práxedes amesema atawasha mshumaa wa baba yako Siku ya Wafu, na mimi nitapeleka maua, yale ya zambarau.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, ampe mtoto kifua chenye nguvu, na akupe usingizi.

Kengele nimeifunga kwenye kitambaa, iko ndani ya kifurushi pamoja na barua hii. Ifunge kwenye usukani wa Jimena, upande wa kulia, kama ilivyokuwa kwako. Akiuliza imetoka wapi, mwambie babu yake aliifikisha hadi stesheni.

Ni mimi shangazi yako, nisiyejua maneno laini lakini nakupenda,

Obdulia